Ukumbi wa Gombolola ni wa Nani? Sanaa Ionyeshwe Mahali pa Watu Wote



Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka kadhaa bila kuitilia shaka. Mwaka jana nilianza kuitilia shaka. Katika mji wetu mdogo, si mbali na Masaka, yupo mchoraji ambaye kazi zake tunaziona kila siku: ng'ombe aliye juu ya mlango wa bucha, kichwa cha kijana kwenye ubao wa kinyozi, ramani ya Afrika katika ukuta wa shule ya msingi. Ni kazi safi, zenye mkono uliotulia. Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha pili jina la mtu aliyezichora. Darasa zima lilinyamaza. Walimjua ng'ombe, hawakumjua mwenye brashi.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba kizuri hakijiuzi chenyewe. Kinahitaji mahali pa kuonekana, mtu wa kukitambulisha, na watazamaji waliopewa nafasi ya kusimama na kuuliza. Hoja yangu katika makala haya ni moja. Onyesho la sanaa katika ukumbi wa jamii, sokoni, shuleni au katika uwanja wa nyumba ya ibada ni shughuli ya kiraia, sawa na mkutano wa kijiji. Serikali zetu za mitaa zina wajibu wa kulifungulia mlango, na sisi wananchi tuna haki ya kulidai.

Nieleze kwanza jinsi nilivyoingia katika jambo hili, maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili, si mchoraji.

Mwalimu mwenzangu wa somo la sanaa alikuwa na wazo la kuwakusanya wasanii wa eneo letu kwa siku moja. Tulipata watu saba: wachoraji wawili, akiwemo yule wa bucha, wanawake wawili wanaosuka vikapu na mikeka, mfinyanzi, mchongaji, na mzee anayetengeneza nguo za gome la mti wa mutuba. Tulichokosa kilikuwa mahali. Tulikwenda katika ofisi moja ya umma yenye ukumbi mkubwa ambao siku nyingi za juma hufungwa kwa kufuli. Karani alitupokea kwa adabu. Akaifungua orodha ya ada: harusi, ibada, semina, mkutano wa chama.

"Mwalimu, ninyi ni harusi au ni semina?" akauliza.

Nikamjibu kwamba sisi ni maonyesho ya sanaa.

"Hayo hayamo," akasema, huku kidole chake kikishuka hadi mwisho wa karatasi. Baada ya kushauriana na mkubwa wake, alituweka katika daraja la harusi, kwa kuwa baadhi ya vitu vyetu vingeuzwa. Ada hiyo ilizidi bei ya picha zote ambazo mchoraji wetu alikuwa nazo nyumbani kwake.

Simlaumu karani yule. Alifuata karatasi aliyopewa. Ninachokilaumu ni karatasi yenyewe, ambayo waliotunga ada zake walikumbuka bibi harusi, mhubiri na mwanasiasa, wakamsahau msanii. Na karatasi za namna hiyo hazishuki kutoka mbinguni. Hupitishwa na madiwani tuliowachagua.

Basi tukahamia sokoni. Msimamizi wa soko alituruhusu kutumia banda moja Jumapili alasiri, kwa sharti kwamba tungelifagia kabla na baada. Tulifunga kamba za katani kutoka nguzo hadi nguzo, tukaning'iniza picha kwa vibanio vya nguo. Vikapu na vyungu tulivipanga juu ya meza za kuuzia nyanya. Wanafunzi wangu waliandika lebo kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na kila lebo ilikuwa na mambo manne: jina la msanii, kijiji chake, vifaa alivyotumia na bei. Kwa mwalimu wa lugha, lilikuwa somo ambalo kitabu hakiwezi kulitoa. Kijana aliyezoea kuandika insha juu ya "Safari Yangu" alilazimika kutafuta neno la Kiswahili la ukindu uliochovywa rangi, kisha kumwuliza mama msukaji kama alichokiandika ni kweli.

Watu walikuja. Walikuja kwa sababu walikuwa wamekuja kununua ndizi na mihogo, nasi tulikuwa njiani mwao. Waendesha bodaboda waliegesha pikipiki zao. Wazee waliotoka kanisani waliingia na Biblia zao mikononi. Mmoja wao alimwuliza mchongaji kama kinyago chake kilikuwa cha mizimu. Mchongaji alikigeuza, akamwonyesha kuwa ni kigoda, akamkaribisha akikalie. Mzee alikikalia, akacheka, mazungumzo yakaendelea.

Picha iliyokusanya watu wengi zaidi haikuwa nzuri kuliko zote. Ilichorwa na yule mchoraji wa pili, msichana aliyemaliza shule karibuni, nayo ilionyesha kinamasi cha Nabajjuzi. Wakazi wa Masaka wanakijua: kinamasi hicho kinawapa maji ya mji, na tangu 2006 kimo katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Upande mmoja wa picha alichora mafunjo na nzohe, yule swala wa majini, akichungulia. Upande wa pili alichora lori likimwaga udongo mwekundu.

Mtu mmoja alisema picha ile ni ya uongo, kwamba malori hayafiki mahali pale. Mwingine akamjibu kwamba yeye mwenyewe ni utingo wa lori, na yanafika. Mama mmoja akauliza watoto wake wale nini ikiwa mumewe ataachishwa kufyatua matofali. Diwani wetu alikuwa amepita kununua nyama. Watu walimwita kwa heshima, wakamsimamisha mbele ya picha, wakamwuliza baraza linasema nini. Alijibu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akijibu katika mkutano wowote.

Sidai kwamba picha ile iliokoa kinamasi. Malori hayajakoma. Lakini kwa muda wa nusu saa, mfyatua matofali, utingo, mwanafunzi na diwani walizungumza juu ya mali yao ya pamoja wakiwa wamesimama mahali pamoja, bila kipaza sauti na bila posho ya usafiri.

Wapenzi wa Kiswahili mtakumbuka asili ya neno baraza. Huko pwani, baraza ni mahali pa kukaa mbele ya nyumba, penye jiwe au saruji, ambapo wenyeji na wageni huketi wakazungumza. Kutokana na kikao hicho, neno likawa jina la mkutano, na hatimaye la chombo cha uongozi. Sisi Uganda tumeliazima pia: tangu 2009 Ofisi ya Waziri Mkuu imekuwa ikisimamia mikutano iitwayo Baraza, ambamo viongozi huwaeleza wananchi jinsi fedha za umma zilivyotumika, nao wananchi huuliza maswali. Nilichokiona chini ya banda la soko kilikuwa baraza kwa maana zote mbili, ya zamani na ya sasa.

Pengine msomaji atasema kwamba sanaa ya picha ni jambo la jumba la sanaa, na kwamba sokoni ni kuishusha hadhi. Historia yetu inasema vingine. Mafunzo ya kisasa ya sanaa katika nchi hii hayakuanzia katika jumba lolote. Yalianzia katika miaka ya 1930 kwenye veranda ya nyumba ya Margaret Trowell, mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, ambaye baadaye aliongoza shule ya sanaa ya Makerere ambayo hadi leo ina jina lake. Wanafunzi wake walipoonyesha kazi zao mwaka 1938, walizionyesha Namirembe, kwenye kilima cha kanisa kuu la Kianglikana. Mwaka uliofuata kazi zao zikaonyeshwa London. Kabla ya London, palikuwapo kilima ambacho watu wa Kampala walikuwa wakikipanda kila Jumapili.

Waliotoka katika shule hiyo waliendelea na desturi ya kuiweka sanaa palipo na watu. Gregory Maloba, aliyetoka Kenya, ndiye aliyetengeneza Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962, wenye sanamu ya mama anayemwinua mtoto. Hakuna anayelipa kiingilio kuutazama. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu nchini Tanzania, alichora maisha ya Yesu katika kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akamweka Kristo Mwafrika katika mandhari ambayo waumini waliyafahamu. Baadaye, mwaka 1965, alishiriki kuanzisha Paa ya Paa jijini Nairobi. Walimu wenzangu mnaofundisha maneno yenye maana zaidi ya moja, jina hilo ni mfano mzuri: paa ni mnyama, na paa ni kitendo cha kuruka juu.

Vijana wa leo hawajaiacha njia hiyo. Katika tamasha la KLA ART la mwaka 2012, Kampala, sanaa ilionyeshwa ndani ya makontena ya kusafirishia mizigo. Mwaka 2014, wasanii walizigeuza bodaboda kuwa kazi za sanaa zilizozunguka jijini, na kazi nyingine zikaonyeshwa katika stesheni ya reli. Karibu na kwetu, katika kijiji cha Ndegeya, msanii Collin Sekajugo alianzisha kituo cha sanaa cha kijamii chenye jina la ndege mfumaji, yule mwenye kiota kinachoning'inia. Jina la kijiji lenyewe ndilo jina la ndege huyo kwa Kiganda.

Sekajugo huyo huyo, pamoja na Acaye Kerunen, waliiwakilisha Uganda katika maonyesho ya Venice mwaka 2022. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kuwa na banda lake huko, na banda hilo likapewa tuzo ya kutambuliwa kwa namna ya pekee. Kerunen alitumia ukindu, nyuzi za migomba na nguo za magome, akifanya kazi pamoja na wanawake wasukaji. Yaani vitu ambavyo mabibi zetu huvitengeneza wakiwa wameketi uani vilisafiri hadi Italia, vikatazamwa na ulimwengu. Nguo ya gome la mutuba nayo imetambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa binadamu tangu 2005. Nauliza bila kejeli: ni watoto wangapi wa Masaka waliowahi kumwona mzee akiligonga gome la mutuba kwa nyundo yake ya mbao, na kumwuliza maswali? Wale saba tuliowakusanya hawaishi Italia. Wanaishi kilomita chache kutoka madarasani mwetu.

Mmoja wa mama wasukaji alilisoma jina lake kwenye lebo, akalirudia, kisha akamwita mjukuu wake amsomee kwa sauti. "Mwalimu," akaniambia kwa Kiganda, "vikapu vyangu hufika Kampala kila mwezi. Mimi sijawahi kufika." Akaeleza kwamba mchuuzi huvichukua kwa jumla, na dukani huuzwa bila jina. Hajui bei yake ya mwisho. Siku ile alijipangia bei mwenyewe, akauza vikapu vitatu.

Mchoraji wetu wa bucha naye ana kisa chake. Miaka michache iliyopita alichora picha ya wanawake wakichota maji. Baadaye aliiona imechapishwa kwenye kalenda ya mfanyabiashara mmoja, bila jina lake na bila malipo. Alipokwenda kuuliza, aliambiwa ashukuru kwamba kazi yake imetangazwa. Akarudi nyumbani kimya, kwa kuwa hakujua kama ana haki yoyote.

Haki anayo. Sheria ya Hakimiliki na Haki Jirani ya mwaka 2006 inazilinda kazi za uchoraji, uchongaji na usanifu wa mikono, na inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeitunga kazi yake. Mtu akinunua picha, amenunua picha ile moja. Hajanunua ruhusa ya kuinakili kwenye kalenda au fulana. Nayo Ibara ya 37 ya Katiba ya 1995 inampa kila mtu haki ya kuufurahia, kuutekeleza na kuuendeleza utamaduni wake pamoja na wenzake. Maneno haya "pamoja na wenzake" ni mazito. Utamaduni hauendelezwi chumbani peke yako. Unahitaji mahali pa kukutania, na ndiyo sababu swali la ukumbi ni swali la haki.

Najua pingamizi zitakazotolewa, nami nazichukulia kwa uzito.

Ya kwanza ni umaskini. Zahanati haina dawa, barabara ina mashimo; tuzungumzie picha? Lakini simwombi mkuu wa gombolola ajenge jumba la sanaa. Ukumbi upo tayari, na siku nyingi ni popo tu waliomo. Gharama ni ufunguo na ufagio. Tena tusisahau ukumbi ule unatunzwa kwa fedha za nani. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa, gombolola la vijijini hubaki na asilimia 65 ya mapato linayokusanya, na sehemu ya mapato hayo ni ushuru wa soko. Mama anayelipa ushuru kwa kuuza vikapu vyake chini ya mwavuli amekwisha kuulipia ukumbi. Kumtoza tena ada ya harusi ni kumlipisha mlango wa nyumba yake.

Ya pili ni hofu ya siasa: kwamba kuta za umma zitageuzwa mahali pa kampeni. Hofu hii ina msingi, hasa kila uchaguzi unapokaribia. Dawa yake ni kanuni iliyo wazi, iliyobandikwa mlangoni: hakuna picha ya mgombea, hakuna rangi za chama, na kamati inayochagua kazi iwe na msanii, mwalimu, mzee na kijana. Lakini kanuni hiyo isitumike kuziba mdomo wa picha inayouliza swali. Picha ya Nabajjuzi haikumtaja mwanasiasa yeyote, na bado kuna kiongozi ambaye asingependa kuiona ukumbini. Uhuru wa kujieleza, ambao Ibara ya 29 ya Katiba inaulinda, haukuandikwa kwa ajili ya magazeti peke yake.

Ya tatu hutoka kwa wasanii wenyewe. Msichana wetu aliniuliza: nikionyesha sokoni bure, nani atanilipa baadaye? Ana haki ya kuuliza. Onyesho la jamii lisiwe njia ya kuwafanya wasanii watumishi wa bure. Bei iandikwe, mauzo yawe yake, na shule au ofisi inayotaka ukuta wake uchorwe ilipe kama inavyomlipa fundi wa mabomba. Sisi walimu ni wakosaji katika hili. Shule ngapi zimechorewa ramani na mifumo ya damu kwa malipo ya sahani ya chakula, na jina la mchoraji halipo hata kwenye kona?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, nayo ni madogo kwa makusudi.

Mosi, kila gombolola liongeze mstari mmoja katika orodha yake ya ada: "Maonyesho ya sanaa ya wakazi: bure," hata kama ni kwa siku chache tu katika kila muhula wa shule.

Pili, kila kazi inayowekwa mahali pa umma, ikiwa ni pamoja na ile iliyochorwa ukutani, iwe na jina la aliyeitengeneza.

Tatu, shule zishiriki. Tangu mtaala mpya wa 2020, wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili husoma Kiswahili kama somo la lazima, na mtaala huo unasisitiza kazi za mradi. Waandike lebo, wawahoji wasanii, wayaongoze maonyesho kwa Kiswahili. Lugha ambayo wazee wetu wengi waliijua kwa amri za askari, watoto wataijua kwa kueleza uzuri wa chungu.

Nne, tuhudhurie mikutano ya bajeti. Gombolola huitisha mkutano wa bajeti kila mwaka na wananchi wana haki ya kusema. Mara nyingi viti vya nyuma huwa vitupu, kisha tunalalamika kwamba karatasi ya ada haikututaja.

Alasiri ile ilipokwisha, tulifagia banda kama tulivyoahidi. Picha ya Nabajjuzi haikununuliwa. Mwenye bucha, ambaye alikuwa ametazama kutoka mlangoni mwake muda wote, alivuka barabara akamwambia mchoraji wetu kwamba ng'ombe wake amefifia na anahitaji kuchorwa upya. Wakakubaliana malipo palepale, mbele yetu. Nikiwa na ujasiri wa mtu wa kuingilia mambo ya watu, niliomba jina la mchoraji liandikwe chini ya kwato. Mwenye bucha akashangaa kwamba hakuna aliyewahi kuliomba.

Jina lipo sasa, kwa herufi ndogo nyeupe. Mkutano wa bajeti ujao utakapotangazwa, mwalimu mwenzangu nami tutakwenda na ombi letu la mstari mmoja. Nawe, ndugu msomaji, uliza kwenu: ufunguo wa ukumbi uko kwa nani, na katika orodha ya ada msanii ameandikwa wapi?